Duka la Mfano

Mjomba alikuwa na swali moja tu, na alikuwa akilirudia tangu alipomaliza chai: hivi, mtu akishasoma hiyo shahada ya pili ya kompyuta, ndipo ataweza kutengeneza televisheni, au bado kuna nyingine ya tatu?

Mpwa wake alimjibu bila kuinua macho kwamba uhandisi wa programu hauhusiani na televisheni. Alikwisha kumweleza hivyo jana, na juma lililopita, na siku ile Mjomba alipomletea redio ya jirani ndani ya mfuko wa plastiki, akiwa ameshamwahidi jirani kwamba itarudi inaimba. Alimweleza tena kwamba yeye huandika maagizo ambayo kompyuta huyafuata, hachomelei nyaya. Mjomba alimsikiliza kwa adabu ya karani mstaafu aliyesikiliza malalamiko ya watu maisha yake yote, kisha akasema kwamba basi hata kwenye ile shahada ya kwanza walimpunja, kwa sababu nyumba nzima inatazama taarifa ya habari yenye rangi ya kijani.

Mtaani walimwita Injinia. Jina hilo lilitoka kwa Mjomba, kwa fahari mwanzoni, kwa kejeli baadaye, na siku hizi hata mwenyewe hakujua ni kipi kilichobaki ndani yake. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka thelathini, mwembamba, mwenye tabia ya kuuma mdomo wa chini anapofikiri. Aliajiriwa na kampuni iliyouzia maduka makubwa mifumo ya mauzo, na kazi yake ilikuwa kurekebisha makosa ya watu waliokwisha kupandishwa vyeo. Mkuu wake, kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi, humwita mkutanini amwoneshe pa kubonyeza, kisha humshukuru na kumtoa nje kabla maamuzi hayajaanza.

Ndiyo maana alitaka kusoma. Hakutaka cheti cha kutundika ukutani. Kulikuwa na chuo kilichofundisha shahada ya uzamili ya uhandisi wa programu nyakati za jioni, kwa watu waliokuwa tayari na wazo la biashara. Mtu aliingia na wazo, na akili na subira vikimtosha, alitoka na kampuni. Wazo yeye alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa chumba cha mbele cha nyumba yao, likinukia sabuni.

Chumba hicho kilikuwa duka la dobi la mama yake, ambaye wateja walimwita Mama Pasi. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, vidole vilivyokunjamana kwa maji, na sauti ambayo haikuhitaji simu. Nguo ziliingia kwa mlango wa mbele, zikafuliwa uani, zikaanikwa, zikapigwa pasi, zikatoka kwa mlango ule ule. Kwa muda mrefu alizitambua kwa vipande vya vitambaa vya rangi na kwa kichwa chake. Kisha Injinia akamtengenezea mfumo kwenye simu: kila nguo ikapewa namba, na mwenye nguo akapata ujumbe ilipokuwa tayari. Mama alinung'unika, akasema simu inamsumbua kuliko wateja, akazoea. Tangu hapo hakuna nguo iliyopotea. Injinia akaanza kuyaona kichwani maduka mengine ya dobi, mji mzima, yote yakitumia mfumo wake, na yeye ndani ya ofisi yake mwenyewe.

Hayo yote hakumwambia mama. Alimwambia tu kwamba ameomba kusoma tena na kwamba ataitwa kwenye mahojiano. Mama akasema ni vizuri, ilimradi asiache kazi.

Mahojiano yalifanyika kwa kompyuta, siku ya mapumziko yake, katika chumba cha nyuma ya duka. Injinia alikuwa ametoa amri asubuhi mapema. Televisheni izimwe. Mjomba aende popote pale, lakini asiwe nyumbani. Mama asiite watu kwa sauti. Mama alimtazama binti yake akibandika shuka jeupe ukutani ili watu wa chuo wasione magunia ya sabuni, akarudi kwenye pasi yake. Kati ya chumba kile na duka palikuwa na ukuta wa ubao mwembamba na mlango wenye pazia. Injinia alivuta pazia kana kwamba anafunga lango la chuma.

Waliomhoji walikuwa watatu, na aliyeongoza alikuwa profesa mmoja mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kuuliza jambo zito. Alimtaka Injinia aeleze tatizo analotaka kulitatua. Injinia alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hilo mbele ya kioo mpaka kioo kikachoka. Maneno yalitoka yamenyooka.

Upande wa pili wa ubao, Mama Pasi alikuwa akipiga pasi shati la mwisho la mwalimu mmoja wa shule ya jirani. Mwalimu mwenyewe alisimama pale pale mezani akisubiri, maana alikuwa mteja wa zamani na alipenda kupiga soga. Siku hiyo hawakupiga soga, kwa kuwa mama alikuwa amemwonesha kidole mdomoni na kunong'ona kwa majivuno kwamba binti anazungumza na maprofesa. Basi wote wawili walikaa kimya, na kwa sababu walikaa kimya walisikia kila kitu.

"Maduka haya huendeshwa kiholela," sauti ya Injinia ilisema. "Wenyewe ni watu wa elimu ndogo, hawatunzi kumbukumbu, na wengi wanaogopa teknolojia. Katika duka langu la mfano, kabla ya mfumo wangu, nguo zilikuwa zikipotea mara kwa mara. Waliwahi kupoteza hata suti ya bwana harusi. Mteja alikuwa hana namna ya kujua alileta nini na anarudishiwa nini."

Mama Pasi hakuinua kichwa. Alimaliza kola, akageuza shati, akapitisha pasi kwenye mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Shati lilikunjwa likawekwa juu ya mengine. Aliyasukuma mashati yote mbele ya mwalimu pamoja na tabasamu ambalo halikufika machoni. Mwalimu alishukuru. Aliyachukua, akafika mlangoni, akasita. Halafu, kwa aibu ya mtu anayekagua chenji mbele ya rafiki, akageuka upande na kuanza kuyafunua moja moja, akiyahesabu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza.

Alikuwa mteja wa miaka na miaka, na hakuwahi kuhesabu.

Kule ndani mambo yalikwenda vizuri kuliko Injinia alivyotarajia. Profesa alisema wazo limempendeza, na mfumo anauona una uhai. Kulikuwa na jambo moja tu. Miaka iliyopita chuo kilipokea watu waliobuni maduka yasiyokuwepo na wateja wasiozaliwa. Siku hizi walitaka, kabla ya kumpokea mtu, wazungumze na mwenye biashara inayofanyiwa majaribio. Wangerudi kwenye kompyuta baada ya wiki mbili. Profesa akavua miwani.

"Huyo mwenye duka ni nani kwako?"

Injinia alisema ni mtu anayefahamiana naye kwa karibu. Hakujua ni kwa nini hakusema ni mama yake. Pengine aliona jambo lingeonekana la kitoto, la nyumbani mno, kama kuja kwenye mahojiano na chakula kwenye bakuli.

Mama Pasi alilisikia na hilo.

Injinia alipotoka nyuma ya pazia uso wake ulikuwa unang'aa. Alimkuta mama amekaa kwenye kigoda, mkasi mkononi, anachana shati bovu kuwa vipande vyembamba vya kitambaa. Simu ya duka ilikuwa imezimwa, imelazwa kifudifudi.

Aliuliza simu imefanya nini. Mama akasema haijafanya kitu. Akasema pia kwamba huo mfumo wake auondoe, aende nao kwenye maduka ya watu wenye elimu kubwa, yeye atarudi kwenye vitambaa vyake. Alisema haya kwa utaratibu, bila kuacha kukata. Ilimchukua Injinia muda kuelewa, na alipoelewa aliona aibu, na baada ya aibu zikaja hasira, kwa kuwa hasira ni rahisi kuzibeba.

Alijaribu kueleza. Akasema hivyo ndivyo watu wanavyozungumza katika mahojiano. Huwezi kuomba nafasi ya kutatua tatizo halafu ukasema tatizo hakuna. Akasema hakutaja jina la mtu. Akasema yale ni maneno ya kitaalamu tu.

"Kiholela ni neno la kitaalamu?" mama aliuliza.

Injinia akasema la kwanza lililomjia. "Lakini suti ilipotea, mama. Hilo sikulitunga."

"Ilipotea," mama alisema. "Na nilikwenda kwa yule bwana harusi mwenyewe, nikasimama mbele ya wazee wake nikaomba radhi, nikashonesha nyingine kwa gharama yangu. Mbona hilo hukuwaambia? Ulichukua ule ukweli unaokufaa wewe, mwingine ukaniachia."

Kisha akaingia mteja, na Mama Pasi akainuka kumpokea kwa uchangamfu ule ule wa siku zote, akamfungia kitambaa chekundu kwenye fundo lake la nguo. Injinia alibaki amesimama katikati ya duka kama kabati lililoletwa nyumba isiyo yake.

Siku zilizofuata nyumba iliingia baridi. Watu wazima wawili walipishana kwenye ujia mwembamba wakiombana samahani kama abiria. Mama alipika, akapakua, akala kando. Injinia alirudi kazini, akarekebisha makosa ya watu, akarudi nyumbani akakuta vitambaa vya rangi vinaning'inia duka zima kana kwamba ni sherehe iliyofanywa kumkomoa yeye.

Mjomba ndiye aliyeona raha. Mgogoro ulimrudishia uzito wa ofisini. Aliwaita wote wawili sebuleni, akafunga vifungo vyote vya shati, akatoa hotuba juu ya umoja wa familia ambayo ilianza na wazazi wake na kufika, baada ya mzunguko mrefu, kwenye televisheni. Mama aliondoka hotuba ikiwa katikati. Injinia akabaki kwa heshima. Hapo Mjomba akainama na kumpa suluhisho lake: siku ya mahojiano yeye mwenyewe angekaa mbele ya kompyuta, akajiita mwenye duka. Sura ya mwenye duka anayo. Lugha anayo. Hata kuogopa teknolojia, alisema, anaweza kuigiza.

Kilichomkera Injinia zaidi si wazo lenyewe. Ni kwamba kwa muda wa kushusha pumzi moja alilifikiria.

Badala yake alikwenda kwa Bwana Mvuke. Huyo alikuwa dobi wa barabara kubwa, mwenye pasi za mvuke, taa nyeupe, na msichana wa mapokezi aliyevaa sare. Aliwahi kumsifia Injinia ule mfumo wake, akasema siku akitaka biashara kubwa aje. Alimpokea kwenye kiti cha wageni, akamsikiliza vizuri sana, akasema atakuwa tayari kuzungumza na profesa hata kesho. Ila naye ni mfanyabiashara, akasema akicheka. Mfumo utumike kwake peke yake, uwe na jina la duka lake. Jambo la pili, namba za simu za wateja wa Mama Pasi zimo humo ndani, au sivyo? Wote wale waliokuwa wakipokea ujumbe? Asingependa zipotee bure, maana amesikia mama siku hizi amerudi kwenye vitambaa.

Alilisema kama mtu anayeomba chumvi.

Injinia alimtazama, akaitazama ile sare ya msichana, zile taa, na zile nguo zilizofunikwa plastiki, na akaona kwamba hapa angepata kila kitu alichokihitaji. Duka hili lingempa barua ya chuo. Lingempa hata mwanzo wa kampuni. Akasema atafikiri. Alipofika barabarani alikuwa amekwisha kufikiri. Alikuwa na hasira na mama yake zilizojaa mpaka kooni, lakini hazikuwa za kumuuza.

Hata hivyo mtaa una miguu mingi kuliko watu wake. Alipofika nyumbani mama alikuwa tayari anajua alikokuwa. Hakumuuliza kitu. Alimwambia tu kwamba ana safari ya kwenda kununua sabuni, amshikie duka.

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Injinia kukaa nyuma ya meza ile. Alikuja muuza magodoro kuchukua mashuka yake, akayakunjua yote juu ya meza, akayahesabu, akayarudisha bila kuyakunja. Alikuja dada mmoja wa benki. Naye, kabla ya kusalimia vizuri, akafungua mfuko na kuingiza mkono, akagusa kitu kimoja kimoja. Injinia alimuuliza kama kuna tatizo. Yule dada akacheka kidogo, akasema hapana, ni kuangalia tu, maana amesikia hapa siku hizi mambo ni kuangalia mwenyewe.

Mwisho alikuja mwalimu. Alipomwona Injinia alifurahi, akampa pongezi, akasema aliyasikia mahojiano yote siku ile, binti anaongea vizuri mno, kama kitabu. Akamsimulia mwenyewe, bila ubaya wowote, jinsi alivyojikuta anahesabu mashati mlangoni, na jinsi alivyowachekesha wenzake shuleni kwa kisa cha suti ya bwana harusi. Kisha akachukua mashati yake, na akayahesabu.

Yalikuwa yametimia. Injinia alisimama amekamata ukingo wa meza, akisubiri mtu mzima mwenye heshima zake amalize kuhakikisha kwamba mama yake si mwizi. Akajua ndivyo mama alivyokuwa akisimama siku zote hizi, kila alipoingia mteja, halafu jioni anampakulia chakula.

Mama aliporudi na katoni ya sabuni kichwani, Injinia alimpokea mzigo. Alitaka kuomba msamaha kwa maneno mazuri, lakini maneno mazuri ndiyo yaliyomponza, kwa hiyo alisema tu kwamba amekuja mwalimu.

"Amehesabu?"

"Amehesabu."

Mama alivua kilemba, akajipangusa shingo. Injinia akaeleza ya Bwana Mvuke, yote, hata yale ya namba za wateja, na kwamba alikataa. Mama akasema alijua atakataa; alichokuwa hajui ni kama angefika huko, naye akafika. Akauliza hao watu wa chuo wanataka kusikia nini. Injinia akasema wanataka mwenye duka aseme kama mfumo unafaa. Akaongeza haraka kwamba kama mama yuko tayari, anaweza kumwandikia la kusema, mistari michache tu.

Yalimtoka kabla hajayazuia. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetazama doa ambalo amelifua mara ngapi sijui nalo bado lipo.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nitakachosema ni changu."

Siku ya mahojiano ya pili Injinia hakubandika shuka ukutani. Si kwa ujasiri wake. Mama alilikataa, akasema yeye hafichi sabuni yake. Alivaa gauni la kijani alilovaa kwenye mambo makubwa, akakaa wima mbele ya kompyuta, mikono juu ya mapaja. Mjomba, aliyeapa kuwa atakaa nje, alipita nyuma yao na bakuli tupu, kisha akapita tena nalo bado likiwa tupu, akisalimia maprofesa kwa kuinamisha kichwa.

Profesa aliuliza kama huyo ndiye mwenye duka la mfano.

"Mimi ni mwenye duka," Mama Pasi alisema. "La mfano silijui. Na huyu ni binti yangu wa kumzaa, kama hakuwaambia."

Profesa alivua miwani. Injinia aliona kidevu cha mmoja wa wale wengine wawili kikitetemeka kwa kicheko kilichobanwa, akatamani umeme ukatike. Umeme, ambao hukatika kila anapouhitaji, haukukatika.

Mama aliulizwa juu ya nguo zilizopotea. Alisema ndiyo, zilipotea, na suti ilipotea, na akaeleza alivyoilipa. Aliulizwa kama mfumo umemsaidia. Akasema tangu uje hakuna kilichopotea, hilo hawezi kulificha, asije akaitwa mwongo uzeeni. Aliulizwa basi mbona ameuzima. Hapo akamtazama Injinia, kisha akaitazama kompyuta.

"Nimeuzima kwa sababu nililetewa, sikuulizwa," alisema. "Huyu anajua kutengeneza kitu. Kuuliza hajui. Aliingia duka langu, akaniwekea simu, akatoka, akaja kuwaelezea ninyi mimi ni nani. Kama hapo kwenu mna somo la kumuuliza mtu kabla ya kumsemea, mfundisheni hilo kwanza. Yale mengine anayajua."

Hakuna aliyecheka sasa. Profesa akamuuliza kama yuko tayari kuendelea na majaribio, kwa mwaka mzima, binti akisoma. Mama akasema yuko tayari, ila naye ana la kuuliza. Hiyo kampuni itakayotoka humo, ya nani?

Profesa akasema hilo ni la mwanafunzi kujibu. Nyuso zao zote tatu zikamgeukia Injinia.

Katika mpango aliouandika Injinia palikuwa na mwanzilishi, palikuwa na wateja, palikuwa na sehemu ya watu watakaotia mtaji. Mama yake hakuwemo kokote isipokuwa kwenye tatizo. Aliuma mdomo. Alihesabu kichwani kitakachobaki kama angegawana, akajichukia kwa kuhesabu, akaendelea kuhesabu. Alitaka kusema wazungumze hilo baadaye, nyumbani, kifamilia. Aliona mama anasubiri, mikono bado juu ya mapaja, kama anavyosubiri mteja amalize kukagua nguo.

"Yetu," alisema. "Ana hisa."

"Mmesikia," Mama Pasi aliwaambia maprofesa, akainuka, maana mlangoni palikuwa na mtu anagonga.

Mara tu kompyuta ilipofungwa Injinia alimfuata dukani. Alisubiri mteja atoke, kisha akasema kwamba leo amemwumbua. Amemwambia mbele ya watu wa chuo kwamba hajui kuuliza, na kwa hayo hata wakimchukua watamchukua kwa huruma, kila akiingia darasani watamkumbuka kama yule aliyechongewa na mama yake.

"Pole," mama alisema, na ilikuwa pole ya kweli. "Wewe leo ulikuwa mbele ya maprofesa. Mimi siku ile nilikuwa mbele ya mteja."

Mama akaichukua simu ya duka, akaiwasha, akaipangusa kwa kanga yake, akaiweka pale ilipokuwa ikikaa zamani. Akasema kitu cha kwanza, ule ujumbe unaokwenda kwa wateja uwe unaanza na salamu. Mwenyewe ukiusoma unadhani ni polisi wanakuita.

Mwishoni mwa wiki ilifika kazi ya nyumba moja ya wageni, mashuka matupu, lundo la kufika kifuani. Walikuwa wanayakunja wawili, mama upande huu, binti upande ule, wakinyoosha, wakikutana katikati, wakiachana tena. Walikuwa wanabishana. Mama alitaka kujua kwa nini hisa zake ziwe pungufu kuliko za mtu ambaye hajafua hata soksi. Injinia alikuwa akieleza kwa mara nyingine tena tofauti ya jasho na mtaji, na sauti yake ilianza kupanda kama inavyopanda anapomweleza Mjomba mambo ya televisheni. Mjomba mwenyewe alikuwa mlangoni, akimwambia mpita njia kwamba mpwa wake anakwenda kusomea hisa.

Simu ya Injinia ikalia mfukoni mwake, ule mlio aliouwekea barua za chuo peke yake. Ncha ya shuka ikashuka karibu na sakafu.

"Usiliangushe," mama alisema. "Hilo limeshapigwa pasi."

"Mama, ni chuo."

"Nimesikia. Njoo kwanza tukutane."

Injinia alikaza meno, akalinyanyua shuka, akanyoosha, akatembea mpaka katikati ya duka. Alipomkabidhi mama ncha zake, vidole vyao viligusana. Mama akalikunja mara ya mwisho, akalilaza juu ya lundo, akalipapasa kana kwamba lina kitu cha kupapaswa.

"Haya," alisema. "Soma. Kwa sauti."